Mwenzi wa Ndoa Anapougua: Sala, Mpako Mtakatifu na Ahadi ya Altareni

Katika utume wetu parokiani, wito wa kumwendea mgonjwa hutufikia mara nyingi usiku, na mara nyingi huja na maneno yaleyale: "Baba Padre, hali imebadilika, hasemi tena." Tufikapo tunaikuta nyumba imejaa watu, kina mama wa jumuiya wameketi mkekani wakisali Rozari, na mume au mke wa mgonjwa amesimama kando ya kitanda kama mtu asiyejua aweke wapi mikono yake. Tukiuliza ugonjwa ulianza lini, tunaambiwa miezi minane, mwaka, pengine miaka miwili. Tukiuliza kwa nini padre hakuitwa mapema, mwenzi wa mgonjwa hujibu kwa sauti ya chini kwamba aliogopa. Aliogopa mgonjwa asije akamwona padre na mafuta yake akadhani siku zake zimekwisha. Aliogopa pia watu wasije wakasema kwamba yeye amekwisha kumkatia tamaa mwenzake.

Hofu hiyo haitokani na ubaya wa moyo. Imezaliwa na upendo. Hata hivyo gharama yake ni kubwa. Mgonjwa ambaye angeweza kuungama kwa kinywa chake, kuitikia sala, kupokea Komunyo Takatifu na kumshika mwenzi wake mkono wakati wa kupakwa mafuta, hupakwa akiwa hajitambui. Sakramenti aipokeayo ni halali, na neema ya Mungu haifungwi na kuchelewa kwetu. Lakini miezi yote ile ya maumivu, ya kukosa usingizi na ya maswali yasiyo na majibu, aliipita bila msaada ambao Kristo aliuweka kwa ajili ya wakati huohuo. Ndiyo maana tumeona vema kuwaandikia wanandoa wa jimbo letu, hasa wale ambao sasa hivi wana mgonjwa ndani.

Tuanze na ahadi. Maarusi wanaposimama mbele ya altare huahidi kuwa waaminifu katika taabu na raha, katika magonjwa na afya. Wengi huyatamka maneno hayo wakiwa vijana wenye nguvu zao, wapigaji picha wamewazunguka, na lile neno "magonjwa" hupita upesi bila mtu kulitazama. Miaka ishirini baadaye linarudi kudai haki yake. Shinikizo la damu limepanda usiku, na kulipokucha mkono na mguu wa upande mmoja havisogei. Au majibu ya kipimo yametoka, nayo ni saratani ya mlango wa kizazi. Au figo zimeshindwa, na sasa ni kusafishwa damu kila wiki, gari la kukodi asubuhi na la kukodi jioni. Siku hiyo Sakramenti ya Ndoa haijasimama kando kungoja mgonjwa apone. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 1642) yafundisha kwamba Kristo hukaa na wanandoa, huwapa nguvu ya kuichukua misalaba yao na kumfuata, na huwawezesha kuchukuliana mizigo. Neema hiyo walipewa siku ya harusi, na siku za ugonjwa ndizo siku za kuitumia.

Basi mume amgeuzaye mkewe kitandani kila baada ya saa chache ili mgongo usipate vidonda, amwoshaye na kumlisha uji kwa kijiko, hafanyi "kazi ya wanawake" kama wengine wanavyonong'ona. Anaitimiza ndoa yake. Na hapa hatuna budi kulitaja jambo moja linalotuumiza sana. Yako maeneo ambako mke akiugua muda mrefu hurudishwa kwao, eti mama yake mzazi ndiye ajuaye kumtunza. Zipo nyakati ambapo safari ya namna hiyo ni ya haki: kwao ni karibu na hospitali, au mume yu peke yake na kazi yake ni ya zamu. Mume wa namna hiyo huenda kila mwisho wa wiki, hutuma matumizi, hupiga simu jioni wasali pamoja. Lakini kumpeleka mke kwao na kukaa kimya, kisha kuonekana tena siku ya msiba, huko ni kuivunja ahadi ileile iliyotamkwa altareni. Na mke amwachaye mume aliyepooza kwa kuwa hana tena cha kuleta nyumbani yumo katika hukumu hiyohiyo.

Maandiko Matakatifu hayatufichi kwamba ugonjwa wa muda mrefu huwachosha hata watu wema. Kitabu cha Tobiti, ambacho huwa hatukisomi ila siku za harusi, chatueleza habari za mzee mcha Mungu aliyepofuka huko Ninawi. Aliwaendea waganga, wala hawakumsaidia. Mkewe Ana ndiye aliyeanza kufuma nguo kwa ujira ili wapate kula. Siku moja waliomwajiri wakamwongezea mwana-mbuzi juu ya malipo yake. Tobiti alipomsikia mnyama akilia ndani ya nyumba, akamshuku mkewe kuwa amemwiba, akamwamuru amrudishe. Ana, aliyekuwa amechoka, akamjibu kwa uchungu, akamuuliza ziko wapi sasa sadaka zake na matendo yake mema (Tob 2:9-14). Twaifahamu sauti hiyo. Mgonjwa hushuku kwa sababu hana uwezo tena juu ya nyumba yake. Mzima hukemea kwa sababu hana mahali pa kuweka uchovu wake. Kilichofuata ni kwamba Tobiti alilia, akasali, hata akamwomba Mungu amchukue. Mungu hakumkemea kwa sala hiyo. Alimtuma malaika Rafaeli, naye Rafaeli alimwelekeza kijana Tobia atumie nyongo ya samaki kama dawa ya macho ya baba yake. Uponyaji ulitoka kwa Mungu, ukapita katika dawa iliyopakwa kwa mkono wa mwanadamu.

Tunalikazia hilo la mwisho kwa kuwa lina uhai wa watu ndani yake. Yoshua bin Sira (38:1-15) anafundisha kumheshimu tabibu, kwa maana Bwana ndiye aliyemuumba na ndiye aliyezitoa dawa katika nchi. Tena anamwambia mgonjwa asali, kisha ampe tabibu nafasi yake. Mambo hayo mawili huenda pamoja. Kwa hiyo yeyote amwambiaye mkeo aache dawa za kufubaza virusi, au mumeo aache sindano za insulini, ili aonyeshe kuwa ana imani, huyo hasemi kwa jina la Kanisa, hata akiwa ameshika Biblia. Tumewazika watu waliotii sauti za namna hiyo. Vivyo hivyo kwa wale wanaokuja usiku na habari kwamba ugonjwa una "mkono wa mtu". Mara wapatapo nafasi, fedha ya matibabu huishia kwa mpiga ramli, na familia mbili zilizokuwa ndugu hazizikani tena. Mwenzi wa ndoa ndiye mlinzi wa mlango wa mgonjwa, naye ana haki na wajibu wa kusema hapana hata mbele ya wakubwa wa ukoo, kwa heshima, lakini kwa uthabiti.

Liko pia kosa linalofanana na uchaji, nalo ni kumnyima mgonjwa dawa ya maumivu ili "ayatolee mateso yake". Mateso yakiunganishwa na ya Kristo yana thamani kubwa, kama alivyofundisha Mtakatifu Yohane Paulo II katika barua yake ya mwaka 1984 juu ya maana ya mateso ya mwanadamu. Lakini Kanisa halimlazimishi mtu kuumia. Katekisimu (na. 2279) inaruhusu dawa za kutuliza maumivu kwa mgonjwa aliye karibu na kifo, hata zikihofiwa kufupisha siku zake, maadamu kifo chake hakikusudiwi, tena inaihesabu tiba shufaa, yaani matunzo ya kumpunguzia mgonjwa maumivu hata pale ugonjwa usipoponyeka, kuwa aina bora ya upendo. Daktari akizungumzia morfini ya maji, mwenzi asishtuke. Mgonjwa aliyetulizwa maumivu ndiye awezaye kusali.

Naam, asali vipi? Wengi hudhani kwamba nyumba yenye mgonjwa lazima iwe na mkesha kila siku, spika na nyimbo. Mgonjwa mahututi huchoka baada ya dakika chache. Fumbo moja la Rozari lisaliwalo polepole, mkono katika mkono, laweza kutosha kwa jioni nzima. Somo la Injili la Dominika lisomwe kwa sauti ya kawaida, kisha kimya. Msalaba uwekwe mahali ambapo macho ya mgonjwa yanafika akiwa amelala, si juu ya kichwa chake ambako hauoni yeye bali wageni tu. Zaburi za maombolezo zisiogopwe. Kanisa limezihifadhi kwa sababu waamini wa zamani nao walimuuliza Mungu hadi lini. Mwenzi ambaye usiku hana maneno yoyote, akiketi tu kando ya kitanda na kulitaja jina la Yesu, anasali. Bwana mwenyewe kule Gethsemane aliwaomba rafiki zake wakeshe pamoja naye, wala hakuwaomba hotuba.

Kuomba uponyaji ni haki ya mwana mbele ya Baba yake, nasi tunawatia moyo mwombe bila haya. Hata hivyo sala si mapatano ya sokoni, kwamba nikifunga siku tisa au nikitoa ng'ombe, Mungu atakuwa na deni kwangu. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, akapewa neema badala ya kuondolewa mwiba (2 Kor 12:7-9). Mgonjwa asipopona, hakuna mwenye ruhusa ya kumwambia mjane au mgane kwamba imani yake ilikuwa ndogo.

Na sasa turudi kwenye Mpako wa Wagonjwa, maana hofu tuliyoanza nayo ina historia. Kwa karne nyingi Sakramenti hii iliitwa Mpako wa Mwisho, na babu zetu waliijua kama jambo la kufanyika roho ikiwa kooni. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963 (na. 73), ulisema kwamba jina la Mpako wa Wagonjwa lafaa zaidi, na kwamba Sakramenti hii si ya wale tu waliomo katika hatari ya mwisho ya kufa. Wakati wake unaofaa umekwisha kuwadia mara mwamini anapoanza kuwa hatarini kwa sababu ya ugonjwa au uzee. Mwaka 1972 Papa Paulo VI alithibitisha utaratibu mpya wa ibada yake, ndio tunaoutumia hadi leo. Mtume Yakobo alikwisha kusema kwa ufupi: mgonjwa awaite wazee wa Kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana (Yak 5:14-15). Tazameni kwamba katika maneno hayo mgonjwa mwenyewe ndiye anayeita. Bado anasema, bado anaamua.

Sakramenti hii hurudiwa. Aliyepona akaugua tena aweza kupakwa tena. Na katika ugonjwa uleule, hali ikizidi kuwa mbaya, aweza kupakwa tena (kanuni 1004). Hufaa pia kabla ya upasuaji mkubwa unaotokana na ugonjwa wa hatari. Matunda yake ni nguvu, amani na ushupavu wa kuyakabili mateso, kuunganishwa na mateso ya Kristo, msamaha wa dhambi iwapo mgonjwa hakuweza kuungama, na hata afya ya mwili ikiwa yafaa kwa wokovu wake (Katekisimu, na. 1520-1523). Tunawafahamu waamini waliopakwa wakiwa hoi ambao leo wanapiga kinanda Misa ya kwanza. Wengine walifariki wiki ileile, lakini walilala usingizi usiku ule, jambo ambalo lilikuwa limewashinda kwa muda mrefu.

Huenda mfano wa Watakatifu Louis Martin na Zélie Guérin ukatusaidia kuliona jambo hili likiishi katika nyumba moja. Hao ndio wazazi wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Walifunga ndoa mwaka 1858 mjini Alençon, Ufaransa. Yeye akiwa fundi wa saa, mkewe akiendesha kazi ya kufuma vitambaa vya lesi. Mwishoni mwa mwaka 1876 madaktari walimwambia Zélie kwamba uvimbe wa titi lake haukuwa tena wa kufanyiwa upasuaji wenye faida. Louis alivunjika moyo. Alikuwa mpenzi mkubwa wa kuvua samaki, naye aliziweka nyuzi zake za kuvulia darini, asiwe na hamu nazo tena. Tunaipenda habari hiyo ndogo, kwa kuwa yaonyesha kwamba mtakatifu naye alidhoofika mwenzi wake alipougua. Juni 1877 Zélie alihiji Lourdes pamoja na binti zake watatu wakubwa, Louis akabaki nyumbani na wadogo. Hakuponywa. Aliendelea kufanya kazi na kwenda kanisani kadiri mwili ulivyoruhusu, hata kila hatua ilipokuwa maumivu. Tarehe 26 Agosti Louis mwenyewe alikwenda kumleta padre, na Zélie akapakwa mafuta watoto wakiwapo chumbani. Teresa alikuwa na miaka minne, na baadaye alikumbuka kilio cha baba yake saa ile. Zélie alifariki tarehe 28, akiwa na umri wa miaka 45. Papa Fransisko aliwatangaza wote wawili kuwa watakatifu siku moja, tarehe 18 Oktoba 2015. Louis alilia wakati wa Mpako, na kulia kwake hakukumzuia kuwa mtakatifu. Wanaume wa kwetu walioambiwa tangu utotoni kwamba machozi ni aibu wamtazame huyo.

Neno kwa mwenzi aliye mzima, kwa kuwa wageni wote humuuliza habari za mgonjwa na hakuna amuulizaye habari zake. Kanisa linamkumbuka hata katika sheria. Kanuni 919 inawapunguzia wagonjwa na wazee ile saa moja ya kufunga kabla ya Komunyo, kisha inaongeza: na wale wanaowatunza. Hivyo wewe uliyekula kipande cha muhogo kwa haraka baada ya kumlisha mgonjwa, padre akifika na Ekaristi Takatifu, pokea pamoja naye. Usijihukumu pia kwa Dominika ambayo hukuweza kumwacha mgonjwa peke yake. Huna dhambi kwa kubaki. Lakini akipatikana mtu wa kukupokea zamu, nenda kanisani, na ukitoka huko kaa nje kidogo upunge hewa.

Mtu wa kukupokea zamu atoke wapi? Hapo ndipo Jumuiya Ndogo Ndogo zinapopimwa. Yule mwenye kupooza wa Injili alibebwa na watu wanne, wakaitoboa dari, na Yesu akaitazama imani yao (Mk 2:1-5). Kutembelea mgonjwa kwa wingi, kusali saa moja, kunywa chai ya nyumba hiyo na kuondoka si kubeba machela. Afadhali wanajumuiya wawili waje Jumanne mchana wakae na mgonjwa ili mkewe alale saa tatu. Mwingine amsindikize kliniki. Mwingine afue mashuka. Michango ni mizuri, ila isingojee msiba. Mara nyingi fedha zinazokusanywa kwa siku mbili za kilio zingetosha dawa za miezi mingi.

Limebaki la kuandaa ujio wa padre. Mwenzi wa mgonjwa, hata kama si Mkatoliki, aweza kutoa taarifa parokiani, kwa katekista au kwa mwenyekiti wa jumuiya. Ndoa mseto tunazo nyingi, na tumewahi kuitwa na mume Mwislamu aliyejua vema kuliko ndugu wa mgonjwa kwamba mkewe angependa kupakwa. Akiwa amelazwa hospitali ya mbali, ulizeni padre mlezi wa wagonjwa wa hapo au parokia iliyo jirani, msingojee aruhusiwe kurudi nyumbani. Mwambieni mgonjwa mapema, kwa maneno mepesi: padre anakuja kukuombea upate nguvu. Nyumbani andaeni meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa, maji ya baraka na glasi ya maji ya kunywa. Padre ataomba watu watoke kitambo ili mgonjwa aungame; tokeni wote, hata mwenzi. Kisha ingieni, watoto nao waingie. Padre ataweka mikono kichwani pa mgonjwa kimya kimya, atampaka mafuta kwenye paji la uso na mikononi, nanyi mtaitikia. Mwenzi asimame karibu na kichwa cha mgonjwa. Baada ya Baba Yetu mgonjwa atapokea Komunyo, na akiwa kweli karibu na safari ya mwisho, Komunyo hiyo ndiyo masurufu yake, chakula cha njiani. Mkihitaji apelekewe Ekaristi kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, semeni siku hiyohiyo kabla padre hajaondoka, ili jina la mgonjwa liandikwe katika orodha ya parokia.